Jinzi Inayomkaa Mwanamume

Hakuna vazi la mwanamume linalovaliwa sana na kuchaguliwa ovyo kama suruali ya jinzi. Mtu atasimama nusu saa mbele ya kioo akijaribu shati la kuendea harusini, atamrudia fundi mara tatu kwa ajili ya koti, lakini jinzi ataitazama rangi, atauliza bei, ataikunja na kuondoka nayo kwapani. Akifika nyumbani ndipo aonapo kuwa haipandi mapajani, au kwamba kiuno chake kinaingia watu wawili. Mkewe atacheka, ndugu mdogo atarithi suruali isiyo na kosa lolote, na fedha zitakuwa zimekwenda.

Zamani kosa hilo lilikuwa dogo. Kwa wakazi wa Kamembe na wilaya nzima ya Rusizi, mahali ambapo wengi bado hupaita kwa jina la Cyangugu, kosa hilo sasa lina gharama. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola ya Kimarekani kwa kilo hadi dola 2.50. Uamuzi huo ulifuatia mapatano ya wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao walikusudia kuziondoa nguo hizo masokoni hatua kwa hatua ifikapo mwaka 2019, ili viwanda vya nyumbani vipate nafasi. Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo baada ya Marekani kutishia kuzinyima ruhusa ya kuuza bidhaa huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Rwanda haikulegeza, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa katika mpango huo.

Mama aliyezoea mizani ya sokoni ataona mara moja jambo ambalo halikuzungumzwa sana wakati ule, nalo ni kwamba ushuru unaotozwa kwa kilo huilemea nguo nzito kuliko nyepesi. Shati la pamba lina uzito wa gramu 200 hivi; jinzi ya mtu mzima hufika gramu 700. Kwa kiwango cha zamani jinzi moja ilitozwa senti 14 za dola. Kwa kiwango cha 2016 ikatozwa dola moja na senti 75, kabla ya nauli ya gari na faida ya mchuuzi. Shati halikupita nusu dola. Hivyo katika rundo zima la nguo za mitumba, vazi lililopata pigo kubwa ni hilo hilo ambalo kijana wa Rusizi hulihitaji kwa kazi, kwa safari na kwa kutembelea wakwe.

Ng'ambo ya mto Rusizi, mwendo mfupi tu baada ya daraja, upo mji wa Bukavu na soko lake kubwa la Kadutu. Kongo haikuwa mwanachama wa Jumuiya wakati ushuru huo ulipopandishwa. Ilijiunga mwaka 2022. Tofauti ya bei kati ya kingo mbili za mto mmoja ni kishawishi kikubwa, na ujanja wa kuvaa suruali juu ya suruali ili kuvuka mpaka ni wa kale kama mipaka yenyewe. Kwa jinzi ujanja huo ni wa mateso, maana mtu aliyevaa tatu kwa pamoja hutembea kama aliyefungwa gango, na afisa wa forodha hahitaji miwani kumtambua. Anayeumia zaidi katika biashara hiyo ni mchuuzi mdogo, mara nyingi mwanamke aliyekopa mtaji, ambaye robota lake likikamatwa hana la kurudishia deni. Mnunuzi anayeona jinzi ya bei ya ajabu ikiuzwa njiani kwa haraka, nje ya soko, na ajiulize imefikaje hapo.

Wanyarwanda huziita nguo za mitumba caguwa. Neno hilo limetoka katika Kiswahili, nalo si jingine ila "chagua", wito wa wachuuzi wanapomwaga robota chini. Jina limehifadhi agizo ambalo wanunuzi wengi hawalitii.

UZI WENYE MAFUNDO

Yafaa kujua suruali hii ilianza vipi, kwa sababu mwanzo wake una somo kwa wake wanaowanunulia waume zao. Karibu na mwaka 1871, katika mji mdogo wa Reno, jimbo la Nevada huko Marekani, mwanamke mmoja alimwendea fundi cherehani aitwaye Jacob Davis, mhamiaji kutoka Riga. Mumewe alikuwa mkata kuni, mtu mwenye mwili mkubwa, tena mgonjwa, asiyeweza kufika mwenyewe dukani. Suruali zote alizivaa zikararuka. Fundi alimwomba mama yule akampime mumewe kwa uzi, akiweka fundo kila mahali palipohitaji kipimo, kisha amletee. Suruali ilishonwa kwa kitambaa kizito mfano wa turubai, na Davis, aliyekuwa na ribiti za shaba mezani kwa ajili ya mikanda ya mablanketi ya farasi, akazigongomea kwenye pembe za mifuko. Suruali haikuraruka. Fundi hakuwa na fedha za kulinda uvumbuzi wake, basi akaandikiana na Levi Strauss, mfanyabiashara wa vitambaa wa San Francisco aliyekuwa akimwuzia bidhaa, na tarehe 20 Mei 1873 wawili hao wakapewa hati ya haki ya uvumbuzi. Vitambaa vya rangi ya nili vilichukua nafasi ya turubai, na vazi likaenea kwa wachimba migodi, wachunga ng'ombe na baadaye vijana wa dunia nzima.

Uzi ule wenye mafundo haujapitwa na wakati. Mama anayekwenda soko la Kamembe akimwacha baba kazini anaweza kuuchukua mkobani bila kuhitaji futi ya fundi. Apime kiuno mahali ambapo mkanda hukaa kweli, si pale ambapo mwenye tumbo angependa ukae. Apime paja mahali penye unene zaidi. Apime urefu wa ndani ya mguu, kutoka makutano ya miguu hadi chini kidogo ya kifundo. Na kipimo cha nne, ambacho karibu kila mtu hukisahau, ni kina cha suruali: kutoka kiunoni mbele, kupita chini kati ya miguu, hadi kiunoni nyuma, mtu akiwa amevaa suruali anayoipenda. Hicho ndicho kinachoamua kama suruali itamkaa mtu au itamtesa, na ndicho ambacho fundi hawezi kukirekebisha baadaye.

Tarakimu zilizoandikwa kwenye lebo zisiaminiwe upesi. Jinzi za Kimarekani huonyesha namba mbili, ya kwanza kiuno na ya pili urefu wa ndani, zote kwa inchi. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo 32 ni kama sentimita 81. Zile zilizotoka Ufaransa na nchi jirani zake huwa na namba moja, na 42 ya Kifaransa hukaribia 32 ya Kimarekani. Lakini watengenezaji wengi, kwa kutaka kumfurahisha mteja anayenenepa, huandika 32 kwenye suruali ambayo kiuno chake kina inchi 34. Tena nguo ya mtumba imekwisha kufuliwa mara nyingi, imerudi au imelegea. Dawa ni kuilaza suruali juu ya meza, kufunga kifungo, kunyoosha kiuno kwa mkono na kukipima kutoka pembe hadi pembe, kisha kuzidisha mara mbili. Paja nalo lipimwe hivyo hivyo, na liwe limezidi paja la mvaaji kwa sentimita tano au sita ikiwa kitambaa hakinyumbuliki.

Wapo wanaopima kwa shingo. Mnunuzi hufunga kifungo, huzungusha kiuno cha suruali shingoni mwake, na ncha mbili zikikutana nyuma bila kubana huhesabu kuwa suruali imemtosha. Njia hii ni nzuri kwa kijana mwembamba, kwa maana shingo yake huwa karibu nusu ya kiuno chake. Kwa baba aliyepita miaka arobaini na kuanza kustawi tumbo, shingo ni shahidi wa uongo.

KITAMBAA CHENYEWE

Ukigeuza jinzi ndani nje utaona rangi ya buluu imepungua na nyeupe imezidi. Sababu ni ufumaji. Nyuzi za mtande hutiwa rangi ya nili, nyuzi za mshindio huachwa nyeupe, na kila uzi wa mshindio hupita chini ya nyuzi tatu za mtande na juu ya mmoja, ndiyo maana mistari ya mshazari huonekana. Nili hukaa juu ya uzi bila kupenya hadi moyoni. Kwa hiyo kila mkwaruzo huondoa rangi kidogo, na jinzi huandika maisha ya mwenyewe: goti la fundi wa matofali, mfuko wa mwenye simu kubwa, makalio ya mwendesha pikipiki.

Uzito wa kitambaa huhesabiwa kwa aunsi kwa kila yadi ya mraba. Aunsi 12 ni kama gramu 400 kwa mita ya mraba, nacho ni kitambaa imara cha kazi. Kwa Rusizi jambo hili si la kupuuza, kwa sababu wilaya hii moja ina hali ya hewa mbili. Kamembe iko juu ya usawa wa Ziwa Kivu, ambalo lipo mita 1,460 juu ya bahari, na jioni zake zina ubaridi na mvua ya kutosha. Bonde la Bugarama, lenye mashamba ya mpunga, huteremka hadi mita 950 karibu na mto, mahali pa chini kabisa katika Rwanda nzima, na joto lake ni la kweli. Aliyeajiriwa Bugarama akinunua jinzi nzito ya aunsi 14 kwa sababu rafiki yake wa Kamembe anayo, atatokwa jasho mpaka ajute. Aunsi tisa au kumi zamtosha. Na huko juu nako, katika miezi ya mvua, jinzi nzito iliyofuliwa Jumamosi haina hakika ya kukauka Jumatatu asubuhi. Asiye na mizani ya aina hiyo, na nani anayo, na abane kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada akikifananisha na suruali aliyo nayo nyumbani.

Lebo ya ndani hueleza pia kilichomo. Pamba tupu huwa ngumu mwanzoni, hulainika polepole na hudumu. Pamba yenye elastani, zile nyuzi zinazonyumbulika kama mpira, hupendeza siku ya kwanza na humfaa mtu anayekaa au kupanda na kushuka siku nzima. Asilimia moja au mbili yatosha. Ikizidi sana, na hasa ikiwa nguo ni mtumba, magoti hutoka mbele na hayarudi, kwa kuwa nyuzi hizo huchoshwa na joto: maji ya moto, jua kali na pasi ya mkaa. Jinzi ya mtumba yenye elastani ijaribiwe kwa kuvuta kiuno kwa mikono miwili na kukiachia. Kikirudi kivivu, iachwe.

MBELE YA RUNDO

Anayechagua sokoni aanze na sehemu zisizoonekana. Makutano ya miguu yainuliwe kuelekea mwangani. Nuru ikipita kama kwenye chujio, suruali hiyo itapasuka kabla ya mwezi kwisha, tena hadharani. Mapaja kwa ndani yapapaswe kutafuta wembamba. Zipu ipandishwe na kushushwa mara tatu, maana mara moja hata zipu mbovu hutii. Vitanzi vya mkanda vivutwe kimoja kimoja. Ribiti zikiwa na kutu, doa lake litahamia kwenye mashati. Mifuko igeuzwe nje, kwa sababu kitambaa cha mfuko ndicho huchakaa kwanza na ndicho ambacho mnunuzi hukigundua siku anapopoteza sarafu. Rangi isipimwe chini ya turubai la buluu la kibanda, ambalo huifanya kila jinzi ionekane mpya; muuzaji akiombwa kwa adabu, "Mama, naomba niitazame hapo juani," hakatai, na akikataa amekwisha kujibu.

Kuhusu suruali zilizochanwa magoti na kupaukishwa kiwandani, maoni ni mengi na wazee wana yao. Liko jambo moja ambalo halina ubishi. Mpauko mwingi wa namna hiyo ulipatikana kwa kurusha mchanga kwa nguvu ya upepo juu ya kitambaa, na vumbi lake liliingia katika mapafu ya wafanyakazi na kuwaletea ugonjwa usiopona. Nchini Uturuki vijana kadhaa walikufa kwa sababu hiyo, na serikali ya huko ikapiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Jinzi ya buluu iliyokolea, ambayo itapauka yenyewe mwilini mwa mwenyewe, haikumgharimu mtu mapafu yake, na kwa bahati njema ndiyo pia inayofaa zaidi kazini.

Penye nafasi ya kuijaribu, ijaribiwe kwa kukaa. Mwanamume mbele ya kioo husimama wima na kuvuta tumbo, lakini maisha yake huyapitisha ameketi: kwenye dawati, kwenye pikipiki, kwenye basi la kwenda Kigali linalochukua saa nyingi kupenya msitu wa Nyungwe. Achuchumae kabisa. Kiuno cha nyuma kikishuka na kufunua mgongo, kina hakitoshi. Mistari ikijitokeza kama miale kutoka makutano ya miguu, mapaja yamebanwa. Mifuko ya mbele ikifunua midomo kama masikio, nyonga hazina nafasi. Mikunjo ikining'inia chini ya makalio, suruali ni kubwa, na mkanda hautaitibu. Mkanda hukunja kiuno tu na kukifanya kama mdomo wa gunia. Vidole viwili viingie kiunoni bila kusukumwa. Ngumi isiingie.

KAZINI

Kulikuwa na wakati ambapo suruali ilikuwa jambo la siasa. Huko Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, na pamoja na sketi fupi na nywele za bandia, suruali za kubana nazo zilipigwa vita. Miaka michache baadaye zikaja bugaluu, zenye pindo pana la kufagia barabara, nazo zikapata maadui wao. Upande wa pili wa mto, katika Zaire ya Mobutu, suti na tai vilikataliwa, na abacost ndiyo ikawa vazi la heshima mpaka mwaka 1990. Jinzi ilipita katikati ya vita hivyo vyote. Leo hakuna anayemsimamisha mtu njiani kwa ajili yake, na swali lililobaki ni la mwajiri na la macho ya watu.

Kila ofisi ina desturi yake, na mwajiriwa mpya afanya vyema kuvaa suruali ya kitambaa wiki ya kwanza huku akitazama wakubwa wake wanavaa nini. Inaporuhusiwa, jinzi ya ofisini iwe ya buluu iliyokolea au nyeusi, isiyo na tundu, doa wala maandishi makubwa nyuma, mguu wake ulionyooka, usiobana ndama wala kupepea. Shati lenye kola lililochomekwa, mkanda wa ngozi unaofanana na viatu, basi. Vijana wa Afrika Mashariki waliozoea mlegezo, yaani kuishusha suruali hadi nusu ya makalio, na wakumbuke kwamba mhojiwa wa kazi huonekana pia anapogeuka kutoka mlangoni.

Mwalimu ana adui wake, chaki. Juu ya jinzi nyeusi kila alama ya mkono huonekana. Buluu ya kati humficha zaidi. Mwendesha pikipiki, na Kamembe inao wengi, hupinda magoti siku nzima na makalio yake husugua kiti. Huyo atafute kitambaa kizito, kina kirefu upande wa nyuma, na urefu wa ndani uliozidi kidogo, kwa sababu mguu ukipindwa pindo hupanda hadi nusu ya ndama. Kwa wale wa viwandani, kama kiwanda cha saruji cha CIMERWA kule chini Bugarama, na kwa mafundi wa mashine za kusaga na za kupasua mbao, jambo la kwanza ni usalama: pindo pana au nyuzi zinazoning'inia zisikaribie mkanda wa mashine unaozunguka, na palipotolewa sare ya kazi, jinzi yoyote ile, hata ikiwa nzuri namna gani, ibaki nyumbani. Wavuvi wa sambaza ziwani hawahitaji ushauri mrefu. Jinzi iliyolowa huwa nzito kama mawe na hukauka kwa uvivu, na mtu akianguka majini humvuta chini. Kaptura ni bora.

Kwa ajili ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kila nyumba itenge jinzi moja iliyozeeka. Kuchimba mfereji kwa suruali ya ofisini ni ubadhirifu.

MAPUMZIKONI

Hapa mtu yuko huru zaidi, na uhuru huo ndio unaowaponza wengi. Mtu mfupi akivaa jinzi iliyokunjwa mara tatu chini huonekana mfupi zaidi, akatiwe. Mtu mnene asijifiche ndani ya suruali pana, wala asijibane. Mguu ulionyooka tangu pajani ndio humnyoosha. Mwembamba aliyevaa bomba la kubana hufanana na aliyechorwa kwa penseli, na kinachomsaidia ni nafasi kidogo pajani na upindo usiopungua upana wa kiatu chake. Rangi iliyopauka hukaa vizuri na fulana ya rangi moja na viatu vya turubai, kwa matembezi ya jioni kando ya ziwa. Jinzi na koti la jinzi la rangi ile ile humfanya mtu aonekane amevaa ovaroli, ingawa wako Bukavu, mji wenye wapenzi wa mavazi, wanaume wanaoweza hata hilo. Sanaa hiyo ya jirani ni ya kutazama kwa heshima. Si kila mtu ana mwendo wake.

KWA FUNDI

Jinzi iliyonunuliwa kwa busara bado haijakamilika mpaka ipite chini ya cherehani. Fundi anaweza kupunguza urefu, anaweza kuingiza kiuno kwa nyuma hadi sentimita nne au tano, na anaweza kupunguza upana wa mguu kwa upande ambao mshono wake haujapigwa nyuzi mbili za juu. Zaidi ya sentimita tano kiunoni, mifuko ya nyuma husogeleana na kukutana kama macho ya bundi. Kupanua karibu haiwezekani, kwa sababu viwanda huacha kitambaa kidogo sana ndani ya mshono. Kurefusha kunawezekana kwa kufumua upindo, lakini mstari mweupe wa zamani utabaki na kila mtu atausoma. Basi mwenye kusita kati ya ndogo na kubwa achukue kubwa.

Fundi mwenye ujuzi wa jinzi hujulikana kwa mambo madogo. Hutumia sindano nene, namba 16 au 18, na uzi mzito wa rangi ya dhahabu au shaba unaofanana na ule wa kiwandani. Kabla ya kupitisha upindo juu ya mshono wa kando, mahali ambapo kitambaa kimekunjwa mara nyingi, huupiga kwa nyundo ukalainika. Asiyefanya hivyo huvunja sindano na kuruka mishono. Mteja akipenda, fundi huyo anaweza kukata katikati na kuurudisha upindo wa asili wenye mpauko wake, kazi inayogharimu zaidi na inayostahili kwa jinzi nzuri. Suruali ifuliwe mara moja kabla ya kupelekwa, kwa kuwa pamba mpya hurudi, na aliyekata kabla ya kufua hujikuta na kaptura ndefu. Mvaaji apimwe akiwa na viatu atakavyovivaa nayo. Upindo uguse kiatu mbele na kuvunjika mara moja tu, nyuma usifike chini, kwani udongo wa Kamembe wakati wa mvua humeza pindo la mtu mvivu.

Mafundi hawa ni sehemu ya hesabu ile ya ushuru. Nguo za nje zilipopanda bei, kazi za kurekebisha na kushona zilitarajiwa kuongezeka, na kampeni ya kununua vilivyotengenezwa Rwanda, iliyoanza mwaka 2015, ililenga huko. Kigali ilipata kiwanda cha C&H mwaka huo huo katika eneo maalumu la viwanda. Lakini kitambaa cha jinzi hakifumwi kwa urahisi: chahitaji mitambo mikubwa, madimbwi ya rangi na maji mengi, na barani Afrika ni Lesotho ndiyo iliyojipatia jina kubwa zaidi kwa kazi hiyo. Mwanamume wa Rusizi anayetaka jinzi ya kushonewa na fundi wa nyumbani hutegemea kitambaa kilichovuka bahari. Hata hivyo anapata jambo ambalo robota haliwezi kumpa, yaani kina kilichopimwa mwilini mwake mwenyewe, na kwa mtu mwenye umbo lisilo la kawaida, kama yule mkata kuni wa Reno, hilo hulipa gharama.

KUITUNZA

Kufua jinzi kila baada ya kuivaa ni kuiua. Isipokuwa imechafuka kwa jasho au matope, yatosha kuning'inizwa mahali penye hewa usiku kucha. Ifuliwapo, igeuzwe ndani nje, zipu na kifungo vifungwe, iloweshwe kwa maji baridi na sabuni kidogo, bila kusuguliwa kwa brashi juu ya jiwe. Mara mbili za kwanza ifuliwe peke yake. Mashati meupe yaliyogeuka samawati yameleta magomvi ya kutosha. Wapo wanaotia chumvi au siki ili kuzuia rangi isichuje. Haidhuru, lakini haisaidii kitu cha maana, kwa sababu nili haikushikamana na moyo wa uzi tangu mwanzo. Ianikwe kivulini ikiwa bado imegeuzwa, ikining'inia kwa kiuno, ili uzito wa maji uinyooshe yenyewe na kumpunguzia mama kazi ya pasi.

Kipande kilichokatwa na fundi wakati wa kupunguza urefu kisiachwe chini ya cherehani yake. Kirudishwe nyumbani, kifuliwe kila mara pamoja na suruali yenyewe ili rangi zipauke kwa pamoja, na siku makutano ya miguu yatakapoanza kupitisha nuru, kiraka kitakachowekwa kwa ndani kitakuwa kimetoka katika kitambaa kile kile.